Jina la Penka Kwenye Jiwe la Nenka

Shangazi Zdravka mpendwa, nisaidie, maana wiki ya pili sasa chakula hakipiti kooni. Mimi ni mchonga mawe ya makaburi hapa mjini Vratsa, na mwanangu kaninunulia kompyuta mpya yenye kioo kikali ajabu, lakini ile programu yangu ya zamani ya kupangia maandishi ya jiwe, nikiifungua humo, herufi zinakuwa ndogo kama chawa, nikajaribu kupunguza ukali wa kioo, herufi zikakua lakini zikawa ukungu mtupu na kitufe cha kuhifadhi kikapotelea chini, nikarudisha kama ilivyokuwa. Mke wa mwanangu, Ralitsa, anayefanya kazi maktaba, akasema, "Baba, ni mpangilio tu, nipe dakika mbili," nami nikamjibu mbele ya wateja, "Wewe kapange vitabu vyako, hii kazi ya wanaume," akavaa koti lake akaondoka, nikabaki nakodoa macho peke yangu. Unajua P na N za alfabeti yetu ya Kisirili, П na Н, zilivyo mapacha, basi nikabofya P bila kujua, mashine ya kuchongea ikachonga PENKA badala ya NENKA, na sikuona mpaka mzee Gencho alipokuja kuchukua jiwe la marehemu mkewe.

Akasema, "Tsvyatko, Penka ni jirani yangu. Asubuhi hii kaniuzia mtindi!"

Shangazi, aibu ilinishika, nikamwambia, "Ndivyo ulivyoandika mwenyewe, mzee."

Akakaa juu ya mfuko wa saruji, akalia. "Miaka arobaini na sita, leo nimekosea jina lake?"

Karatasi yake ilikuwa mfukoni mwangu, imeandikwa Nenka, waziwazi. Sasa niambie, niirudishe kompyuta dukani au nitafute programu nyingine?

Tsvyatko

*

Wewe Tsvyatko, umemliza mtu aliyefiwa, halafu unaniuliza habari za duka!

Kompyuta haina kosa. Programu yako ni kongwe, haijui kujikuza kwenye kioo kipya, basi. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Sifa, ingia sehemu ya Upatanifu, tafuta mipangilio ya kioo chenye nukta nyingi, weka alama kwenye kisanduku cha kubatilisha ukuzaji, uchague Mfumo ndio ukuze. Ifunge, uifungue tena. Kazi ya wanaume! Mwanamume gani anayeshindwa na kisanduku kimoja? Ukikwama, mwite Ralitsa, ila kwanza umwombe radhi, tena mbele ya wateja, kwa kuwa ulimdharau mbele yao.

Najua inavyouma fundi wa miaka mingi kuona kazi inamponyoka mikononi. Nakuonea huruma, lakini kidogo tu. Wewe ulikosea herufi. Gencho ukamfanya auone moyo wake mwenyewe kuwa msahaulifu. Huo ndio uchafu wako, na hauko kwenye kioo.

Leo hii, usingoje jiwe jipya, mpelekee Gencho ile karatasi. Mwambie: "Uliandika sawasawa. Nilikosea mimi, kisha nikakudanganya." Kompyuta usiitaje hata mara moja. Akikufukuza, nenda kachonge. Jiwe la pili ni kwa gharama yako, na la kwanza livunje kabla Penka hajasikia.

Na siku ya kulisimamisha jiwe jipya kaburini, mwache mzee apitishe kidole chake kwenye kila herufi ya jina hilo. Akimaliza, ndipo uchanganye saruji.