Siku Niliyozima Ujumbe wa Onchari

Alhamisi. Mvua tangu saa nane, na mkono unauma.

Wewe unayesoma, nakusihi kwa jina la Mungu: usimwambie mtu hata neno moja la haya, hata wa nyumbani kwako. Onchari ana masikio katika kila duka la Kisii.

Mimi ni karani. Naandika barua za tajiri wangu, Mzee Ramesh, kwenye kompyuta iliyo sebuleni kwake, juu ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Waya umeteremshwa hadi stoo, kwenye kompyuta ya msimamizi, Onchari, ili watu wa juu na wa chini waandikiane bila kupanda ngazi.

Jumatatu nilishuka kuulizia misumari nikamkuta Onchari akimpiga Nyabuto, mpakuaji wa simiti, kwa nondo. Nyabuto alikuwa ameshaanguka. Onchari hakuacha. Nililisikia goti likivunjika. Polisi wameambiwa aliteleza. Aliyeona ni mimi peke yangu, na Onchari anajua.

Tangu hapo, kisanduku cha kijivu chenye ujumbe wake kinajitokeza katikati ya kioo cha kompyuta yangu.

"Ukifungua mdomo, meno utayaokota."

"Gunia la simiti linakutosha, nimepima."

Leo asubuhi kimoja kilitokea mke wa tajiri akiwa nyuma yangu. Nilikifunika kwa kiganja, kama mwanafunzi anayeficha jibu.

Nilizinakili jumbe zote daftarini. Kisha, saa tisa, nikafungua kitabu cha maelezo ya kompyuta, nikaifunga programu inayopokea ujumbe, nikaiondoa kwenye orodha ya zile zinazojiwasha zenyewe. Kioo kikatulia. Nikapumua.

Kitu kimoja sikukijua. Kule chini, kila alipotuma, mashine yake ilimwambia kwamba ujumbe haukupokewa.

Nikasikia viatu kwenye ngazi.

"Karani! Umenifungia mlango usoni?"

"Nilikuwa na barua nyingi, mkubwa."

"Wewe msomi wa kutoka Nyamira! Basi nimekuletea ujumbe kwa mkono."

Nondo ilipita karibu na sikio langu, ikapasua kioo cha kompyuta. Ya pili ilinipata juu ya kiwiko. Mama, mke wa tajiri, alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama kati yetu. Ile nondo ilikuwa ndefu kuliko yeye.

"Bas, Onchari! Ndani ya nyumba yangu? Nipige mimi kwanza!"

Onchari akashuka polepole, akiigonga nondo kwenye kila ngazi.

Nikiri. Sikuzima ule ujumbe kwa ushujaa. Nilitaka tu nisione. Jumatatu pia nilitaka nisione: nilipanda ngazi kimya, Nyabuto akiwa bado analia.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono.

Kesho, kabla duka halijafunguliwa, nitakuwa kituoni kuandikisha taarifa. Naogopa, lakini nitakwenda.

Kama nawe umepitia mikononi mwa mtu huyu, nitafute. Usipige simu dukani. Siku ya soko njoo Mosocho, umuulizie Mama Moraa, auzaye ndizi mbivu karibu na kinu cha unga. Mwambie unataka mtu wa kukujazia fomu. Jumamosi usije, ni Sabato yetu, tuko kanisani. Akikujibu kwamba hanijui, usiulize mara ya pili. Nunua ndizi, mshukuru, uondoke kama mteja yeyote.