Bomba la Wakaguzi

12 Machi

Kaka,
Shikamoo. Mimi mzima, ila mama hali yake si nzuri. Hospitali imeishiwa dawa zake za sukari. Daktari anasema wafadhili wamezuia misaada yote mpaka wahakikishe kwamba kiwandani kwenu hamuundi makombora. Darasani nilisema wewe unachomelea mabomba ya maji. Walicheka. Ni ya maji, sivyo?
Mdogo wako

30 Machi

Profesa wangu,
Marahaba. Naendelea vizuri. Wewe soma vitabu vyako hadi miwani iombe likizo. Mama avumilie. Huku kimya mno. Tunakula tukiangalia ukuta, na mtu akikohoa, wanakuja kumuuliza alitaka kusema nini.
Kaka yako

9 Aprili

Kaka,
Shikamoo. Mama alianguka jikoni. Sasa analala mchana kutwa, na akiamka anazungumza na watu nisiowaona, anawakaribisha viti. Dawa iliyobaki tunaigawa nusu nusu. Tafadhali niambie ukweli.
Mdogo wako

22 Aprili

Profesa,
Barua hii nampa dereva wa lori la kuni, maana za posta zinasomwa. Si mabomba ya maji. Kesho wanakuja wakaguzi wa wafadhili. Tumeunganisha bomba moja na tangi la maji lililofichwa nyuma ya ukuta, na mimi ndiye nitakayefungua koki mbele yao. Nikisema ukweli, misaada hairudi, na mama unamwona alivyo. Nikinyamaza, siku moja makombora haya yatamwangukia mama wa mtu. Nitafungua koki. Usinidharau.
Kaka yako

17 Mei

Kaka,
Shikamoo. Nami barua hii nampa yule dereva. Mama amepata nafuu, anakusalimu. Redio ilisema wakaguzi waliona maji wakaridhika, na dawa zikaja. Siwezi kukudharau. Ila uko kimya, na wenzako wa karakana pia, familia zao zinaulizana.

Jana walikuja wanaume watatu, wapole sana. Walivua viatu mlangoni, wakanywa chai. Kisha wakachukua picha zako ukutani, vyeti vyako, hata shati lililokuwa kambani. Mama akasema, "Hivyo ni vya mwanangu."

Mmoja akamshika mkono. "Mama, sukari huleta ndoto. Usije ukakosa dawa tena."

Akanigeukia, akaniuliza nina kaka wangapi. Mama alikuwa ananitazama.

Nikasema sina.

Mdogo wako