Zamu ya Desemba Tano

Al Wukair, Doha
Juni 29, 2025

Kawira mwanangu,

Habari za huko majini? Kifua je, kimepoa, ama bado unakohoa? Mimi mzima, ila joto la huku wacha tu. Madam na watoto wamesafiri, nimeachiwa nyumba na paka wawili wasionisalimia.

Simu za WhatsApp huku hazipiti, kwa hivyo nitakuandikia barua humu humu kwenye ujumbe, na wewe unijibu barua, si hizo "sawa mum" zako. Ati miezi miwili kwenye meli na hujakanyaga nchi ya watu hata mara moja? Kazi ni kutandika vitanda vya wazungu tu? Mimi nimekaa Doha miaka saba, na ninachokijua ni hii nyumba, supamaketi, na kanisa siku ya Ijumaa. Usiwe kama mimi. Shuka, mama. Ona dunia, kisha unisimulie.

Mamako

*

Bergen, Norwe
Julai 14, 2025

Mama mpendwa,

Umeshindaje? Kikohozi kimeisha. Paka uwasalimie tu hata wakinuna.

Nimeshuka! Leo ilikuwa zamu yangu ya kubaki. Meli ikifika bandarini hatutoki sote. Lazima kundi fulani libaki ndani, ili moto ukizuka wawepo wa kuokoa watu. Lakini sisi hubadilishana siku. Nick, Mkenya mwenzangu wa jikoni, akasema atanibakia leo, nami nimbakie siku moja wakati wa baridi. Akachagua tarehe tano Desemba. Nikatia sahihi kwa msimamizi mbio mbio, nikatoka kabla Nick hajabadilisha nia.

Soko lao liko hapo hapo bandarini. Mvua inanyesha, na watu wamekaa nje wanakula kama hawaioni! Kuna kaa wakubwa ajabu, wako hai, makucha yamefungwa raba. Nyama ya nyangumi nayo ni nyeusi tititi. Nikaonjeshwa kipande, ladha yake ni maini yaliyolala. Mimi na ujinga wangu wa soko la kwetu Maua, nikamwamkua mama mmoja muuza matunda, nikamuuliza watoto hawajambo, na hii mvua wanaionaje. Akanitazama, akauliza nataka pakiti ngapi.

Nikanunua mkate wenye nyama ya kamba, nikaketi. Ndege wa baharini akashuka akaunyakua wote, Mama, nikabaki na karatasi! Nilicheka kwa sauti. Nikageuka nimwonyeshe mtu, na hakukuwa na mtu. Nilizunguka kwa saa tatu bila mtu yeyote kuniuliza jina. Hapo ndipo nilipokutamani hadi machozi. Lakini nimeona dunia, umefurahi?

Mwanao,
Kawira

*

Al Wukair
Septemba 18, 2025

Kawira!

Uko salama? Sawa, salamu zimetosha. Meli yenu inakuja Doha! Damaris wa kanisani kwetu anafagia ukumbi wa abiria kwenye bandari ya zamani, ameona orodha ya meli za msimu huu. Ijumaa, tarehe tano Desemba, asubuhi mpaka jioni. Ijumaa, siku yangu ya kupumzika! Nilipiga kelele mpaka Madam akadhani nimeungua.

Mbona hukuniambia? Ulitaka kunishtukiza? Nilipokuacha ulikuwa darasa la nane, unanifika begani. Nitakuja na bakuli la mukimo, tutembee hapo ufukweni tumeshikana mikono, na usione aibu. Jibu leo.

Mamako

*

Al Wukair
Oktoba 2, 2025

Kawira,

Hujambo? Wiki mbili. Alama za bluu naziona, umesoma. Kama ni ugonjwa, sema. Kama umenichoka, pia sema.

Mama

*

Baharini
Oktoba 19, 2025

Mama,

Natumai u mzima. Mimi si mgonjwa, na sijakuchoka. Nimeshindwa tu kuandika. Tarehe tano Desemba ndiyo siku niliyompa Nick.

Nimemwendea mara nne. Mkewe Nasimiyu ni mlinzi wa hoteli huko Lusail, karibu na Doha, na hawajaonana tangu wiki ya harusi yao. Aliniambia, "Kawira, mimi niliijua hiyo tarehe. Nilidhani nawe unaijua." Hakunidanganya. Ratiba ya bandari zote ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa bwalo letu la chakula, na sikuitazama. Msimamizi amekataa kubadilisha majina, na wageni wa wafanyakazi hawaruhusiwi kupanda. Nimetupa siku yetu kwa ajili ya mvua na mkate ulioliwa na ndege.

Nikasirikie, Mama, lakini usininyamazie.

Kawira

*

Al Wukair
Oktoba 20, 2025

Kawira mwanangu,

Umeamkaje? Mimi nimeamka na hasira, nimeosha sufuria zote za nyumba hii, hata zilizokuwa safi. Sasa imeisha.

Ni mimi niliyekuambia ushuke. Na huyo Nick usimsumbue tena, mkewe naye ni mtoto wa mtu. Damaris anasema ukisimama ng'ambo ya uzio, walio juu ya meli wanaonekana. Nitakuja. Omba dakika kumi tu, saa sita mchana, upande juu nikuone.

Mamako

*

Desemba 5, 2025, saa sita na nusu mchana
(Ujumbe haukwenda. Hakuna mtandao. Baadaye ulifutwa.)

Mama, usiendelee kusimama hapo. Kuna zoezi la moto, na mimi nimepangwa huku chini kwenye ngazi, hakuna hata dirisha. Nimeomba hizo dakika kumi mara tatu, nimenyimwa. Unaowaona juu ni wengine. Rudi nyumbani, Mama, tafadhali.

*

Al Wukair
Desemba 5, 2025, jioni

Kawira wangu,

Hata habari yako sikuulizi, kwa sababu nimekuona mzima! Wa nne kutoka kwenye ile mashua ya kuokolea watu, umevaa jaketi la rangi ya chungwa. Nilipopunga leso ulipunga mikono yote miwili. Nikawaambia watu waliokuwa wakipiga picha, yule ni wangu! Nikamwambia hata askari wa lango. Umekuwa mrefu jamani, na unasimama vile marehemu babako alivyokuwa akisimama.

Wacha nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Miaka yote hii nimekuwa nikiogopa kwamba siku moja tutapishana mahali na nisikutambue mtoto wangu mwenyewe. Picha si mtu. Nimelea watoto wa wengine hadi nikawa naota sura zao badala ya yako. Leo nimekutambua hapo hapo, na umbali wote ule. Hiyo hofu imeniisha, Kawira. Imeisha kabisa.

Na wewe je, ulinitambua?

Mamako

*

Baharini
Desemba 8, 2025

Mama mpendwa,

Habari za kuamka? Mimi mzima. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi.

Ndiyo, ni mimi. Wa nne kutoka kwenye mashua. Nilikutambua kabla hujapunga.

Mwanao,
Kawira