Koplo Asiyetoka Nyumbani

Alhamisi, 7 Aprili 1814
Asahel haendi vitani. Ameitwa, lakini mgongo unamuuma tangu jana – mgongo uleule ulioshusha mapipa ya sida, pombe ya tufaha, wiki nzima! Kamlipa mtu aende badala yake kwa miezi sita, Lemuel Goss, mkata magogo asiye na kwao, na wametiliana sahihi karatasi. Ng'ombe wangu mwekundu ndiye aliyeuzwa. Kapteni hakutaka taabu ya kufuta jina kwenye orodha, basi Lemuel ataitika "Asahel Tuttle" kila asubuhi. Nimempa soksi. Kashukuru mara mbili. Asahel sasa kajificha shamba la juu, majirani wasijue.

Jumanne, 17 Mei
Barua kutoka kambini! Kwangu, kwa jina la mume wangu. Huku anayepokea ndiye anayelipa, na Asahel kanung'unika sana kulipia barua iliyotoka kwake mwenyewe. Lemuel anauliza jino langu linaendeleaje. Siku ile ya soksi nilikuwa nimeshika shavu – kumbe aliona. Miaka yote ya ndoa sijaulizwa habari za jino.

Jumamosi, 16 Julai
Lemuel kawa koplo. Alimwopoa kapteni mtoni, risasi zikilia. Asahel kaisoma barua, kavaa koti zuri, kashuka hadi baa ya Peck na kutangaza kwamba karudi likizo kwa ajili ya mgongo. Sasa ni Koplo huku, Koplo kule. Peck kamuuliza mto wenyewe ulikuwa upi. "Mkubwa," kajibu. Nyumbani kataka nami nimwite Koplo. Nimemwambia Koplo akachote maji.

Jumatatu, 19 Septemba
Jeshi letu limeshinda kule ziwani, alikopelekwa Lemuel. Jana Shemasi Whitlock kamwombea Koplo Tuttle kanisa zima likisikia, na Koplo kainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kutoka kwa Lemuel – kimya. Nimelia jikoni. Asahel kanipapasa bega: nisilie, yeye yuko salama.

Jumatano, 12 Oktoba
Lemuel yuko ghalani kwangu! Miezi yake sita imekwisha, kapteni kakataa kumwachia, naye kaondoka kwa miguu. Hiyo miguu haitazamiki. Anasema hana nyumba nyingine anayoijua zaidi ya ile aliyokuwa akiiandikia. Asahel hajui. Ghalani haingii, kuna kazi.

Ijumaa, 14 Oktoba
Naandika upesi. Asubuhi sajini kafika na askari wawili baa ya Peck, wanamtafuta mtoro, Koplo Asahel Tuttle. Baa nzima, kwa fahari, ikamwonyesha kidole. Asahel mwenyewe, nasikia, alikwishasimama na kupiga saluti!

Wamemleta hapa kafungwa kamba mikononi. Mtoro hupigwa risasi, sajini kasema, tena akiwa koplo ndiyo zaidi. Ndipo Asahel akapata sauti.

"Mimi si koplo! Sijawahi hata kuliona hilo ziwa!"

"Na yule kapteni uliyemwopoa?" Peck kauliza – maana wamefuatana wote hadi uani.

"Sijui kuogelea! Zerviah, waambie! Waambie kuhusu Goss!"

Sajini kavua kofia. Mtu mpole, kachoka. "Mama, huyu ni mumeo, Asahel Tuttle?"

"Ndiye," nimesema. Ni kweli tupu.

"Basi huyo Goss ni nani, na yuko wapi?"

Nimesema labda ipo karatasi waliyotiliana sahihi, ngoja niangalie juu. Nimemkatia sajini pai ya tufaha, nikapanda.

Ipo. Nimeipata mara moja. Nikiishusha, Asahel anafunguliwa kamba, na askari wanaanza kupekua, ghala kwanza. Nisipoishusha – Mungu nisamehe, mume wangu si mtu mbaya. Ni mvivu tu, na mvivu hapigwi risasi kwa uvivu. Dirishani naliona ghala, mlango umefungwa vizuri.

"Zerviah!" Asahel anaita toka chini, sauti imekwaruza. "Umeiona?"

Nimeikalia.

"Bado," nimejibu. "Bado natafuta."