Namba Tatu Ni Kosa Langu

Glasgow, Jumanne

Dada yangu Awuor,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Kama yako ina magamba ya omena, hao dagaa wako wa ziwani, usiinawe, nisalimie nayo hivyo hivyo, maana huku nimechoka na salamu za watu wanaotikisa kichwa tu na kupita. Mama anaendeleaje na goti? Bado anakikataa kile kiti cha kuegemea eti kinamzeesha? Shemeji amemaliza kuezeka jiko, au bado anangoja mabati yashuke bei? Na wewe mwenyewe, kile kikohozi kilikwisha au unanificha? Nijibu yote, hasa hilo la kikohozi.

Mimi ni mzima wa mwili. Mvua ya huku hainyeshi ikaisha, inaning'inia tu siku nzima. Mliniita Okoth kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, sasa nadhani mlikuwa mkiniandaa kwa mji huu. Nimenunua koti la pili. Chumba changu kiko juu ya duka la vitanda vikuukuu, na mwenye duka hunipa maharagwe ya kopo kila Ijumaa kwa sababu aliwahi kuniona nikila mkate mkavu ngazini. Kwa hiyo sifi njaa, mwambie Mama.

Unashangaa kuletewa barua wakati simu zipo. Jumapili nilikupigia nikakuambia usiweke sahihi kwanza kwenye ile karatasi ya wageni wako. Ukaniuliza kwa nini, nami nikaanza kukuuliza habari za ng'ombe. Ukacheka ukasema, "Okoth, wewe kwa simu unakimbia. Niandikie. Kwa karatasi hutakimbia." Hapo ulinipata. Auma, yule binti wa jirani yetu anayefanya unesi huku, anasafiri Alhamisi na ameniahidi kukufikia Rangwe Jumamosi. Sahihi yako ni Jumatatu. Soma mpaka mwisho kabla hujaanza kunitukana.

Najua watu wakikuuliza kazi yangu unawaambia "anaandika mambo ya pesa". Acha leo nikueleze vizuri, kwa kuwa kosa limo humo. Kuna makampuni yanayokusanya pesa za matajiri na za mifuko ya pensheni, kisha yanakwenda kununua sehemu ya biashara za watu wengine. Yapo yanayopenda biashara changa, ambazo ndiyo kwanza zinajifunza kutembea, na yapo yanayotaka zilizokomaa. Ofisi yetu ni ya watu sita. Kila mwaka tunatoa orodha ya wawekezaji hao, tukiwapanga kwa kuangalia nani ameingia katika biashara nyingi zaidi Afrika. Utajiri wao hatuuangalii, tunahesabu dili tu. Kila mmoja anatuletea majina ya biashara zake, na kazi yangu ni kupiga simu kwa hizo biashara, moja moja, kuuliza kama ni kweli. Nikitia tiki, dili inahesabiwa. Nisipotia, inafutwa.

Usione ni mchezo. Orodha ikitoka, watu wanaikodolea macho kama wazazi mbele ya matokeo ya mtihani. Aliye juu anaongezewa pesa na wenye pesa, na wenye biashara wanamfungulia mlango bila kumuuliza anatoka wapi.

Basi safari hii kampuni moja ilituletea majina mengi, na manne kati yake yalikuwa ya kwetu. Mama mmoja wa Rodi Kopany anayesaga njugu kuwa siagi. Kijana wa Migori mwenye pikipiki za betri. Mzee mwenye kinu cha mahindi, naye wa Migori. Na dada mmoja wa Homa Bay anayeangua vifaranga. Awuor, nilipoyaona majina hayo nilisimama kitini! Miaka mitatu nimekuwa nikipiga simu Lagos, Cairo na Nairobi, na hata siku moja sijawahi kuuliza habari za Rodi.

Kuna swali la kuuliza. Limeandikwa kwenye fomu, refu na kavu, na tunatakiwa kulisoma kama lilivyo: je, mwekezaji huyu amelipa pesa na kupewa hisa katika biashara yako? Nilipompigia yule mama wa njugu nikasikia jogoo nyuma yake, na mtu akigombana juu ya bei ya sukuma wiki. Fomu nikaisahau. Tukaingia kwa Kijaluo. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia, akasema anamjua shangazi yetu. Sasa baada ya hayo yote, ningemtolea vipi lile swali la polisi? Nikauliza kama tunavyouliza nyumbani: "Be gin jou?" Hawa ni watu wenu?

Akajibu upesi, "Ee, gin jowa." Ndiyo, ni watu wetu.

Nikatia tiki. Na wale watatu nikawauliza vivyo hivyo, wakajibu vivyo hivyo. Nilikuwa na raha siku hiyo, nikapika ugali.

Orodha ikatoka, ile kampuni ikashika namba tatu. Nilikutumia kwa simu na kukuonyesha kwa majivuno ukurasa wenye majina ya kwetu. Wiki chache baadaye ukanipigia: "Hawa watu wa shati la samawati wanaotaka kuja kuona mabanda yangu ya kukaushia omena, ndio wale namba tatu wako?" Nami nikakujibu bila kufikiri, "Ndio hao. Ni watu wa kazi." Neno hilo nimelitafuna kila siku tangu wiki iliyopita.

Wiki iliyopita ndiyo ulinitumia ile sauti. Nimeisikiliza mara nyingi hata naijua kwa moyo. "Okoth, hao watu wako wamefika. Nimewapikia ngege, wamekula mpaka wakaongeza supu. Mkubwa wao amepiga picha na hizi banda mpaka simu ikazima. Wanasema pesa itakuja later, nisain kwanza hii karatasi. Lakini usijali, hao saa hii ni jowa."

Nilikuwa nakoroga chai. Nikaacha kukoroga. Watu ambao hawajakupa hata msumari, na tayari wewe unawaita jowa. Bila shaka unawaita hivyo! Wamekula kwako. Hata Mama angewaita hivyo. Nani kwetu atamlisha mtu samaki, amsindikize mpaka barabarani, halafu mtu wa mbali akipiga simu amwambie simjui huyu? Mwingereza akifanya kosa langu ningemwelewa. Mimi nimezaliwa humo humo.

Asubuhi yake niliwapigia wale wanne tena, fomu mkononi, nikasoma swali kama lilivyo. Kijana wa pikipiki alicheka. "Boss, pesa? Hiyo bado. Walikuja, tukawapeleka ride mpaka daraja, wakapiga picha, wakaenda."

"Lakini uliniambia ni watu wenu."

"Si walikula kwangu? Sasa nikatae watu wamekula kwangu?"

Mama wa njugu hakucheka. Alisema alitia sahihi karatasi ya kuahidi kwamba hatazungumza na mwekezaji mwingine mpaka hawa wamalize kufikiria. "Mwaka mzima wanafikiria," akaniambia. "Kuna watu wa Kisumu walitaka kuninunulia mashine, nikawarudisha." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia ile mara ya kwanza. Akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, hukuuliza hiyo. Uliuliza kama ni watu wetu."

Nilikaa ngazini muda mrefu baada ya hapo.

Umeona sasa, Awuor. Karatasi yako ya Jumatatu ni ile ile. Nimekuomba mara mbili unipigie picha ukurasa wa pili, ukasema mtandao ni mbovu. Angalia mwenyewe mstari wa chini kabisa, mama wa njugu amesema ndipo ulipo kwake. Ukisaini, huwezi kuingia na mtu mwingine mpaka wao waridhike, na kina mama wa ushirika wa Rangwe wanakutana mwisho wa mwezi. Wao wako tayari kuingia na wewe ubia na kuongeza mabanda manne kabla mvua ndefu hazijafika. Wakikukuta umefungwa watakwenda kwa mwingine, na sitawalaumu.

Sijasahau mvua za mwaka ule nilipokuwa nyumbani. Omena yako yote ilikuwa imetandazwa kwenye nyavu, na mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne ulimwuzia mtu wa lori kama chakula cha kuku. Jioni ulikata sukuma nyembamba kuliko siku zote. Nilikuwa nimekaa pale jikoni nikikuona. Sitaki uone mvua nyingine kama ile, na zaidi sitaki uione kwa sababu yangu.

Ofisini nilikwenda kusema mwenyewe. Bosi wangu ni mama anayeitwa Moira, mkali wa macho lakini hana kelele. Aliniuliza swali moja tu, kama uongo ni wao au ni wangu. Nikamwambia wao waliandika kwamba "wanashirikiana" na biashara hizo, neno la kuteleza, lakini tiki ni yangu. Akaiondoa orodha siku hiyo hiyo na kuirudisha ikiwa imesahihishwa, na maelezo juu kwamba kosa ni la ofisi. Wale jamaa wameshuka hata ukurasa wa kwanza hawamo. Wametuandikia barua kali. Mkataba wangu unakwisha mwezi ujao, na kibali changu cha kukaa huku kimeshikana nao. Moira amesema ataona. Aliniletea kahawa mezani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na sijui kahawa hiyo ilikuwa ya kunipa moyo au ya kuniaga.

Sasa lile nililokuwa nalikimbia kwenye simu. Yule mzee wa kinu, nilipomuuliza mara ya kwanza, alicheka kidogo kabla ya kujibu. Unakijua kile kicheko cha wazee wetu wanapoulizwa jambo la aibu mbele ya wageni. Nilikisikia, Awuor. Nilikisikia vizuri na nikajua. Lakini nilikuwa nimeshaona majina ya Migori na Homa Bay kwenye ukurasa ule, karibu na majina ya miji mikubwa, na nikatamani yabaki. Nikatia tiki. Kwa hiyo usimwambie Mama kwamba niliteleza kwa sababu ya lugha. Niliteleza nikiona. Nisamehe, dada yangu. Ulinisomesha kwa omena ile ile, nami nimekaribia kukufungia mlango.

Usisaini Jumatatu. Wakija, wapikie kama kawaida yako, hata hiyo supu waongezee, sikuombi ubadilike. Lakini mezani, kabla ya sahani, waambie waufute ule mstari wa chini na walete pesa kwanza. Wakikubali, waite jina lolote upendalo. Wakikataa, wasindikize vizuri, kisha uende kwa kina mama wa ushirika. Na yule mama wa njugu nimempa namba yako. Anatafuta mtu wa kumsaidia kuisoma karatasi yake. Kaeni naye chini, mumtafute hata wakili wa hapo mjini.

Nisalimie Mama, umwambie makoti ni mawili. Shemeji nitamletea misumari ya mabati, ya huku haishiki kutu. Mpe salamu shangazi yetu wa Rodi, ambaye jina lake limeniingiza taabani bila yeye kujua. Msalimie pia yule mzee mlinzi wa nyavu, na watoto wako wote kwa zamu, mdogo awe wa kwanza kwa sababu yeye hununa.

Nikipoteza kazi nitarudi na begi moja na makoti yasiyo na kazi kule. Sitakuwa na picha ya kupiga wala karatasi ya kusaini, na nitakula kweli, maana nina hamu ya ngege. Majirani watauliza huyu aliyeshuka pale barabarani ni nani, na kama ni mtu wenu. Hilo swali mimi nililijibu vibaya kwa niaba ya wengine, kwa hiyo safari hii nakuachia wewe, ujibu unavyoona ni kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Okoth