Anselmi Hakukimbilia Ngerengere

Mtani wangu Anselmi,

Shikamoo sikupi. Mimi nilitangulia kuzaliwa kwa wiki mbili, wewe umetangulia kufa, kwa hiyo ngoma ni droo na hakuna wa kumwamkia mwenzake.

Nakuandikia kwa penseli ya kuazima, nimekaa kwenye dawati la darasa la sita, magoti yamenigusa kidevu. Mwandiko unaujua. Ni wa mtu aliyeishia darasa la nne, na hata hilo la nne nilikaa nyuma yako nikinakili makosa yako. Mwalimu amesema barua hii ataibandika ukutani watoto waisome, kwa hiyo yale mambo yako na divai ya padri siyataji. Nimeshayataja? Basi.

Nimefanya kosa, mtani, na kosa lenyewe nimekufanyia wewe.

Mwalimu wao anaitwa Neema, binti wa Bukoba, mfupi, sauti kama kengele ya kanisa. Alinifuata nyumbani nikiwa naanika pilipili manga. "Shikamoo babu. Nawafundisha watoto insha za maelezo. Natafuta mtu aliyenusurika kifo awasimulie, nao waandike. Nzuri nitazikusanya ziwe kijitabu cha shule, wadogo zao wasome."

"Marahaba. Mimi nimenusurika kifo, ndoa mbili na kamati ya maji ya kijiji."

"Nataka kimoja tu, babu. Kiwe cha kweli."

Nikaenda. Nikawasimulia ile masika tuliyokuwa vijana, mimi na wewe shambani kwa mjomba wangu huko juu, tunaambua mdalasini, mlima ukaporomoka ukanifukia mpaka shingoni. Lakini nikasimulia kama ninavyosimulia kilabuni siku zote: kwamba wewe uliposikia kishindo ulitupa kisu ukatimua mbio, ukaruka migomba, ukavuka mto, hukusimama mpaka Ngerengere, ukafika stesheni unaulizia treni ya kwanza kwenda popote. Na mimi huku nikajichimbua mwenyewe kama fuko. Nikawaigizia mbio zako, suruali imeshuka, mkono mmoja umeishikilia. Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Nikajiona bingwa.

Kumbe safu ya tatu kuna mtoto hacheki. Simjui. Sare zinawafanya wafanane kama machungwa ya gunia moja. Anaitwa Editha. Ni mjukuu wa dada yako Skola, mtoto wa binti yake. Kalelewa Ngerengere, baba yake anafanya kazi reli, na mwaka huu ndiyo kaletwa kukaa na bibi yake. Na kwa sisi Waluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo huyo ni wako kuliko hata watoto uliowazaa.

Walipotoka mapumziko wenzake wakamzunguka. "Kumbe ndiyo maana kwenu Ngerengere! Babu yenu alifika huko kwa mbio, akachoka kurudi!" Mtoto akachukua mkoba wake. Alirudi nyumbani akamwambia bibi yake kwamba shuleni haendi tena.

Skola alinijia asubuhi yake, kanga kaifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Hakubisha hodi.

"Bonifasi, wewe mzee wa hovyo."

"Karibu shemeji."

"Shemeji yako nani? Mtoto hali tangu jana."

"Skola, ule ni utani tu. Ukoo wenu na wetu ni watani tangu mababu. Hata wewe ulikuwa unacheka."

"Nilicheka kwa sababu najua kilichotokea. Mtoto aliyekulia reli atajuaje? Na mwalimu anaandika kitabu. Kitabu hakikonyezi jicho, Bonifasi." Akakaa kwenye kinu changu, pumzi zikamwishia. "Waliokuchimba siku ile wote wako makaburini. Umebaki wewe. Ukinyamaza, kaka yangu amekimbia milele."

Mtani, nimetukanwa na watu wengi, wewe ukiwa wa kwanza. Hakuna tusi lililonikaa kama hilo.

Nikaenda shule. Nikamkuta Mwalimu Neema na rundo la madaftari. Nikafungua moja: "Babu Anselmi alikimbia kama kuku aliyemwona mwewe." Nikafungua jingine: kuku yule yule. La tatu amekuwa bata. Na kila daftari mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: Eleza zaidi. Ulisikia nini? Kulikuwa na harufu gani?

"Hadithi yako ina tatizo, babu," akasema. "Wote wamekwama mahali pamoja. Akishakimbia tu, hawana tena cha kuandika. Nilidhani ni uvivu."

"Siyo uvivu, mwalimu. Hapo hakuna kitu cha kuona. Hakukimbia."

Akaweka kalamu chini. "Jana uliniambia ni kweli."

"Jana aliongea mtani."

"Na leo?"

"Leo Bonifasi mwenyewe."

Akaniangalia kama wanavyoangalia noti wasiyoiamini. "Basi usinisimulie mimi. Watakuuliza wao. Na nikisikia kuku mwingine nakutoa nje."

Ndiyo hivyo, nikasimamishwa mbele ya ubao kama mtuhumiwa. Ubaoni kaandika macho, masikio, pua, ulimi, ngozi. Skola alikuwa amemvuta Editha kwa mkono mpaka mlangoni. Mtoto akaingia, akakaa, akainamia daftari lake.

Wakaanza. "Babu, kulikuwa na harufu gani?"

Nikafumba macho, na nikaisikia hapo hapo. Mdalasini, Anselmi. Ulikuwa umeambua magome tangu alfajiri, vidole vyako vimenuka mpaka ndani ya kucha. Kila mkono wako ulipokuja kuniinua kidevu, harufu ya udongo mbichi ilikatika, ikaja ya mdalasini. Sijawahi kumwambia mtu. Ndiyo maana mimi chai ya viungo sinywi, na wewe ukanisema ubahili.

"Ulisikia nini?"

Mawe. Huko juu yetu, ndani ya mlima, yalikuwa yanagongana polepole, kama mtu anapanga vyungu stoo. Ulijua maana yake. Mimi pia nilijua. Kila yalipogongana uliinua kichwa ukatazama juu, nami nikatazama shingo yako, nikisema sasa anaondoka. Halafu unainama tena unaendelea kuchimba. Kwa mikono, kwa sababu jembe lingenikata. Ulilaza migomba nyuma ya kichwa changu kuzuia tope lisishuke. Kucha ya kidole chako kimoja iling'oka, ukaitazama, ukaipangusa kwenye shati kama inzi, ukaendelea.

"Na ulimi, babu?"

Udongo na damu. Baadaye maji ya mvua, uliyoyakinga kwenye jani la mgomba ukanimiminia mdomoni.

"Na ngozi?"

Hapo nilisita. Mwalimu akainua kichwa. Nikawaambia: baridi, baridi ya kuuma meno, halafu kidogo joto, kwa sababu nilijikojolea. Wakacheka mpaka dirishani wakaja wa darasa la tano. Safari hii walinicheka mimi, na haikuniua.

Kuna mmoja, mtoto wa fundi baiskeli, akauliza kama uliniambia maneno ya kunifariji. Nikasema kufariji wapi! Ulinitukana kuanzia saa nne asubuhi mpaka watu walipokuja na majembe jua likielekea kuzama. "Bonifasi, ulivyo mbaya, hata mlima umekuonja ukakutema shingoni!" "Usifumbe macho, mimi sijamaliza kukutukana!" "Ukifa leo, msibani kwenu mgawa nyama ni mimi mtani, na wajomba zako wataambulia mchuzi!" Nilikuwa nasinzia, nikakasirika. Nikawa nakujibu. Na huwezi kumjibu mtani huku umelala. Mwalimu akaacha kuandika ubaoni, akageuka kunisikiliza.

Nikawaambia na lile la mwisho, lililo baya zaidi. Kwamba siku ile nililia kumwita mama, mwanaume mwenye ndevu. Kwamba nilivyopona niliogopa utalisema kilabuni, kwa hiyo nikawahi mimi. Nikasema ulikimbia. Watu wakageuka kukutazama wewe. Ungeweza kunimaliza kwa neno moja. Ukanywa, ukapangusa mdomo, ukasema, "Kweli nilikimbia. Ngerengere nikakuta treni imeondoka, ndiyo nikarudi." Treni uliiongeza wewe! Tangu siku hiyo kila mwaka uliongeza kitu: mara mkuu wa stesheni kakupa uji, mara umepoteza kiatu. Hata siku ya mazishi yako nilivaa koti lako nikakimbia kuzunguka kaburi, watu wakalia na kucheka pamoja, na hakuna aliyenikemea, kwa sababu kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo. Nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika. Sasa najiuliza niliridhika na nini.

Editha akanyoosha mkono. Ana mkono mrefu kama wako, na vile vile hasubiri kuitwa.

"Babu Bonifasi, kwa nini hakukimbia?"

Nikafungua mdomo, na mzaha ukaja wenyewe, umeiva, mzuri, ungemfurahisha kila mtu. Nikaumeza. Ulishuka vibaya.

"Sijui, mjukuu wangu. Sikumuuliza."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

Akamtazama mwalimu, kama anauliza jibu kama hilo linaruhusiwa. "Andika hivyo hivyo," mwalimu akasema. Akaandika. Kidogo kidogo, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

Kuku na bata wote wamefutwa. Watoto wameandika upya, na mtoto wa fundi baiskeli kajaza kurasa tatu kwa kucha yako tu, mwalimu anasema imezidi. Kijitabu kitashonwa kwa uzi Ijumaa. Hadithi yako iko ya kwanza, na mstari wake wa mwisho ni wa Editha: kwamba babu yake hakukimbia, na hakuna anayejua kwa nini. Wenzake wameacha kumtania na Ngerengere. Sasa wanamwita mjukuu wa shujaa, naye halitaki hilo pia, anasema yeye ni Editha. Amerudi shule. Na Skola ananisalimia, ingawa kwa kidevu.

Mimi ndiye sijatulia. Swali la mtoto limenikaa. Nikipanda kule juu kwa mjomba nasimama penyewe, pameota migomba sasa, wala huwezi kujua. Mlima ulikuwa unakuja, Anselmi. Ulikuwa na mke mwenye mimba nyumbani. Mguu wako ulikuwa mzima. Nilikuwa nawe kilabuni, kanisani, shambani, kwenye foleni ya dawa ya macho, miaka arobaini na ushee. Nafasi ya kuuliza nilikuwa nayo kila siku, na kila siku nikakuletea suruali iliyoshuka.

Basi pumzika, mtani. Huku mvua za vuli zimeanza na mdalasini wako Skola anautunza vizuri kuliko wewe ulivyoutunza. Siku nikija tusianze na matusi, tuanze na swali la mtoto. Na najua utakavyojibu: utasema ulibaki kwa sababu ulikuwa unangoja nife urithi kisu changu. Hilo ni jibu la mtani, nalo nalijua. Mimi nataka lile jingine.

Ni mimi, mtani wako uliyemchimbua,
Bonifasi