Proseja Iliyodai Marehemu

Tausi, acha kupima mchele usome! Jubilate wa kompyuta kamuua Mzee Mudathiri, mwenyekiti wetu wa chama cha kuzikana. Na mzee mwenyewe mzima!

Jubilate alitaka kututangazia mkutano. Akaitumia ile proseja, kijiprogramu cha kwenye kanzidata ya wanachama kinachotuma meseji za misiba. Ikagoma: "Parameta ya marehemu haijajazwa."

Marehemu! Kwa mkutano!

Akaweka sifuri, ikagoma, inataka jina. Basi akaweka la mwenyekiti, ipite tu. Ikapita, shoga. Meseji ya msiba ikafika hadi kijijini Busale!

Mama Anyosisye wa huko kashuka kwenye bodaboda na mkungu wa ndizi za msiba, analia mtaa mzima unasikia. Nani anamfungulia mlango? Marehemu! Na msuli wake, mswaki mdomoni. "Kafa nani humu?" Mama wa watu akakaa chini, akamshukuru Mungu kwa Kinyakyusa: "Ndaga Kyala!"

Sasa ua wa mzee umejaa watu. Jubilate kaletwa na kompyuta yake, kaambiwa meseji ya kukanusha itoke hapohapo, ama kazi basi. Kabonyeza, jasho linamtiririka. Ikajibu: "Parameta ya marehemu haijajazwa."

Marehemu tena, Tausi!

Mzee Mudathiri akatoa mswaki: "Safari hii weka jina lako, mwanangu. Ndizi zimeshafika."